Kisiwa Alichotufundisha Baba

Tangu nirudi, kila anayepita kwenye kibanda changu sokoni Voi hushika kitunguu, akakigeuzageuza kana kwamba ananunua, halafu huniuliza kulikwendaje huko kisiwani. Nimekuwa nikijibu nusunusu kwa sababu wateja hawaishi. Leo nimekaa chini niandike yote mara moja, msome wenyewe, vitunguu navyo vipumzike.

Wengi wenu mnamjua baba yangu, Mwalimu Mwandoe, hata kama hakuwafundisha. Alifundisha jiografia katika shule moja ya msingi kule Kasigau kwa miaka thelathini na kitu. Bahari aliichora kwa chaki ya buluu, akaeleza kupwa na kujaa kwa maji kwa kutumia beseni na chungwa. Na kila mwaka, akifika darasa la sita, alifunga kitabu na kusimulia kisiwa. Kilikuwa kisiwa kisicho na mtu, alikofika akiwa kijana wa chuo. Mchanga wake mweupe, makombe yake makubwa kama bakuli, na katikati, juu kwenye mawe, chemchemi ya maji matamu. Mimi nilikisikia darasani kama wenzangu, kisha nikakisikia tena nyumbani kabla ya kulala, na usiku mwingi wa utoto wangu niliupitisha huko, nikitembea peke yangu juu ya mchanga ule.

Mmoja wa waliosikia alikuwa Mwakio, mtoto wa Bungule, upande wa pili wa Mlima Kasigau. Alipokua alihamia pwani, akaoa huko, akabadili dini, na siku hizi watu humwita Idrisa, ila kwa baba bado ni Mwakio. Ana boti ya injini anayobebea wageni. Mwaka jana alikuja nyumbani kumzika mama yake, na mbele ya waombolezaji akamshika baba mkono na kumwambia kwamba anadhani amekipata kile kisiwa, na kwamba Mwalimu aje akitambue. Baba akasema atakuja.

Tangu siku hiyo visababu havikuisha. Mbuzi wanazaa, kunde zimeiva, tembo wameingia shambani. Nikadhani anaogopa maji, nikaacha kumsumbua. Halafu, wiki moja baada ya kumzika rafiki yake wa miaka mingi, akanipigia simu.

"Njoo unichukue, Wakesho," akasema, "kabla sijapata sababu nyingine."

Rukanga hadi Voi

Jirani yangu Nyambu, mwenye pikapu ya kubebea mboga, alikubali kunipeleka. Pale Maungu tuliiacha lami tukaingia barabara ya udongo mwekundu. Mlima Kasigau unauona mapema sana, lakini haufikiki upesi. Unaendesha nusu saa, uko palepale, ukungu umeukalia kichwani, na wewe mwenyewe unaanza kuhisi kama husogei, nyika tu ndiyo inayopita chini ya magurudumu.

Tulimkuta baba nyumbani kwake Rukanga, amekaa nje kwenye kiti, amevaa suti yake ya kijivu, begi magotini. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayeishi na baba, alininong'oneza kwamba mzee amekaa pale tangu kulipopambazuka, na kwamba mara mbili aliingia ndani akavua koti, akatoka tena amelivaa. Alitulisha kimanga cha muhogo na maharagwe, akatufungia kingine cha njiani. Baba hakula.

Hatukufika mbali. Kwenye silanga, bwawa la maji ya mvua, tembo wanane walikuwa wamesimama barabarani, wekundu kama barabara yenyewe, na nyuma yao wengine walikuwa wakinywa. Nyambu alizima injini. Tulikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Vumbi lilitua juu ya kioo, joto likapanda, na kilichosikika kilikuwa maji yakivutwa na mkonga na kumwagwa kinywani, pole pole, kama mtu anayejaza mtungi bila haraka. Sijui kama nilisinzia. Nakumbuka tu kwamba tembo mmoja mdogo alipita karibu na mlango wangu, akapumua, na pumzi yake ikanukia majani.

Baba ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema labda hii ni ishara, turudi tu. Nyambu akamjibu kwa heshima kwamba tembo hana ishara, ana kiu. Baba akatazama dirishani mpaka tembo walipotupisha.

Voi hadi Mombasa

Alilala kwangu, na kesho yake tukaenda kupanda treni ya mchana. Ilichelewa. Tuliketi ndani ya ukumbi ule mkubwa wa stesheni, hewa nzito ya joto, na watu wakawa wanazungumza kwa sauti za chini kama wako kanisani.

Ndani ya treni alikaa mbele yetu msichana mmoja aliyetoka Njukini, anakwenda kuanza kazi ya kufua katika hoteli ya ufukweni. Alikuwa hajawahi kufika pwani. Alipojua kwamba baba ni mwalimu, alimuuliza maswali mengi, hasa kama ni kweli mtu hutapika kwenye boti. Baba akanyoosha mgongo. Akamwambia atafune tangawizi, atazame mstari ule ambapo mbingu hukutana na maji, na asiangalie miguu yake. Msichana alisikiliza kwa makini sana, akamshukuru, akamwita babu. Nilijivunia baba yangu.

Lakini msichana aliposinzia, niliona mikono ya baba imeshikana kwa nguvu juu ya magoti. Nje nyika ilikuwa ikiteleza, kijivu na nyekundu, mbuyu mmoja mmoja, pundamilia waliosimama kama wamesahauliwa. Halafu minazi ya kwanza. Baba alipoiona alifumba macho.

Kuvuka kwa feri

Kutoka stesheni tulichukua teksi mpaka Likoni, tukashuka na kusimama kwenye msongamano wa watu kungoja feri. Lango lilipofunguliwa tulibebwa na umati, miguu ikitembea yenyewe, tukajikuta tumesimama ukingoni mwa feri, maji chini yetu.

Baba alitazama. Kwanza alitazama kama mtu anayekagua daftari la mwanafunzi. Halafu pua yake ikatikisika, akavuta hewa, akavuta tena. Akapitisha ulimi juu ya midomo, akasimama hivyo, mdomo wazi kidogo, na uso wake ukawa uso ambao sijawahi kuuona.

"Ina harufu," akasema, si kwangu, si kwa yeyote.

Hapo ndipo nilipojua. Mtu aliyewahi kufika baharini, hata miaka hamsini iliyopita, hashangazwi na harufu yake. Nilisimama pembeni yake nikiwa nimeshika begi lake, feri ikinguruma chini ya nyayo zetu, na nikahisi kama kuna chumba ndani yangu, nilimokuwa nikilala tangu utoto, ambacho mtu amekiondolea paa.

Nilikasirika. Nawaambia ukweli. Tulipofika ng'ambo nilitembea mbele yake kwa haraka, naye akanifuata bila kulalamika.

Kwa Mwakio

Mwakio anaishi katika kijiji kimoja kusini ya Msambweni. Tulipofika alikuwa bado yuko majini na wageni, kwa hiyo tulipokelewa na mkewe, Riziki, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimwamkia baba shikamoo kwa kuinama kidogo, akamtandikia mkeka barazani, akaleta mahamri na mbaazi za nazi. Baba alikuwa amechoka na uso umempauka. Riziki akamwuliza kwa adabu, safari hii imemleta nini.

"Nimefuata kombe, mama," akasema baba.

Riziki akamtazama kwa huruma. Akamwuliza ni tangu lini, baba akasema tangu ujana wake. Akamwuliza kama huko kwetu hayapatikani, baba akasema huko kwetu hakuna kabisa. "Basi utapata, inshallah," akasema Riziki, akajifunga leso yake na kutoka.

Alirudi na ami yake, mzee mfupi mwenye kanzu safi, amebeba sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani. Akamimina maji ya waridi juu ya maandishi, akayaosha taratibu mpaka wino wote ukayeyuka na maji yakawa na rangi ya asali, akampa baba. Baba, akidhani hiki ndicho kinywaji cha kukaribishia wageni wa pwani, akanywa yote, akashukuru, akauliza kama kipo kingine. Yule mzee akatabasamu. Akamwuliza, sasa maumivu yenyewe yako wapi.

Nilidhani baba atacheka, au atauliza maumivu gani. Badala yake akaweka kiganja kifuani.

"Hapa," akasema.

Mwakio aliporudi na kuelezwa, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwa Riziki kombe ni dawa, maji ya aya anayonyweshwa mgonjwa, na alikuwa akijiuliza kwa nini mumewe hakumwambia kwamba mwalimu wake ni mgonjwa hivyo. Ami yake hakukasirika. Alisema kombe halidhuru, humfaa hata asiyeliomba. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, majirani wakaitwa kusikia, na mara tatu nilimwona baba akimwita Mwakio pembeni, na mara tatu mtu akaingia kusalimia. Mara ya mwisho Mwakio alimwambia chochote alicho nacho akiweke mpaka kesho, watazungumza vizuri wakiwa kisiwani.

Kisiwani

Tuliondoka asubuhi, sisi watatu tu. Riziki alitufungia chapati, samaki wa kukaanga na muhogo, na kopo kubwa la maji. Bahari ilikuwa shwari lakini boti iliruka kidogo, na baba, yule aliyemfundisha msichana wa Njukini mambo ya tangawizi, alitapika mara mbili upande wa kulia. Mwakio akasema kwa upole kwamba mtu akikaa miaka mingi bara, mwili husahau. Baba akajipangusa mdomo. Nikatazama mstari ule ambapo mbingu hukutana na maji, na kwa kweli unasaidia.

Kisiwa hakina jina. Hakina nyumba, hakina hata kibanda cha wavuvi. Kina mivinje michache iliyoinamishwa na upepo, vichaka, mawe meusi upande mmoja, na mchanga. Mwakio alitia nanga karibu na ufuo, maji yakitufika magotini, tukatembea mpaka pakavu. Injini ilipozimwa palitulia kiasi kwamba nilisikia makombe madogo yakivingirishwa na wimbi, mlio mwembamba wa vigae, ukija na kurudi. Kulikuwa na makombe kila mahali. Ya waridi, ya kijivu, mengine yamesokotwa kama kamba ya mkonge, kauri zenye madoa zikiwa zimelala kifudifudi. Nilihisi nimewahi kusimama hapa, na hiyo ilinitia hasira upya, kwa sababu nilijua ni nani aliyenisimamisha.

Mwakio akatueleza desturi yake, kuokota matupu tu, tena machache, na kombe lenye mwenyewe ndani kuliacha lilipo. Kisha akageuka, akasimama mbele ya baba. Mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, mvi zimeanza, lakini alisimama mikono nyuma, jinsi tulivyosimama darasani.

"Mwalimu," akasema, "ndicho hiki?"

Baba alikuwa ameshika viatu mkononi, suruali ya suti imekunjwa. Alikitazama kisiwa chote, upande hadi upande.

"Mwakio, sijui."

"Miaka ni mingi. Tembea kidogo, utakumbuka."

"Si miaka," akasema baba. "Sikuwahi kufika. Si hapa, si kisiwa kingine chochote. Bahari nimeiona jana kwa mara ya kwanza, kwenye feri. Wakesho atakwambia."

Mwakio akanigeukia. Akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia, tangu jana. Alibaki amesimama, kopo la maji mkononi. Akaliweka chini kwa uangalifu sana, kana kwamba limejaa mayai, akatembea kuelekea upande wa mawe, akapotea nyuma ya mivinje.

Sikujua la kufanya, nikaanza kuokota makombe. Baba naye akaanza, hatua chache kutoka kwangu. Jua lilipanda. Nadhani ni mahali penyewe palipotufanya hivyo. Huwezi kukaa na hasira moja kwa moja huku umeinama, unatazama kitu kidogo kizuri, halafu kingine, halafu kingine mbele yake. Mara kwa mara nilisahau niko na nani. Nilisahau hata nina miaka mingapi. Nikiinua kichwa namwona baba amepiga magoti, kombe moja kwenye kiganja, analisoma.

Aliyaweka aliyoyachagua kwenye leso yake ya mfukoni. Baada ya muda akaniita, sauti imebadilika. Leso ilikuwa ikitembea. Tulipoifungua, kombe zuri kuliko yote lilitoa miguu na kukimbia mchangani; alikuwa kaa mdogo, wa wale wanaohamia ndani ya magamba ya wenzao. Baba alimfuata kwa magoti mpaka akaingia chini ya jiwe. Alicheka, nami nikacheka, na baada ya hapo niliweza kumwuliza kwa nini.

Akaniambia alianza kazi akiwa na miaka ishirini na miwili. Wiki ya kwanza alifundisha bahari, na mtoto mmoja akamwuliza kama ameiona. Watoto arobaini walikuwa wakimtazama. Aliona akisema hapana, hawatamwamini tena juu ya jambo lolote, hata juu ya mvua. Akasema ndiyo. Mwaka uliofuata wakaja wengine waliokwisha kusikia kutoka kwa kaka zao, wakataka zaidi, akaongeza kisiwa. Mwaka mwingine akaongeza makombe. Uongo wake, alisema, ulikuwa unapanda darasa kila mwaka pamoja na watoto. Na kadiri ulivyokua ndivyo ilivyokuwa vigumu kwenda kuiona bahari yenyewe, kwa sababu angeiona na kujua ni kiasi gani alikosea.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi sikuwa darasa. Nilikuwa kitandani kwangu."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniomba niongeze," akasema.

Ni kweli. Nilikumbuka.

Ni hapo tulipogeuka na kuona kwamba bahari haipo. Ilikuwa imeondoka kimya kimya tukiwa tumeinama. Boti ya Mwakio ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga mkavu, kamba ya nanga yake imenyooka mbele kama mkono wa mtu aliyelala, na maji yalikuwa mbali, utepe mwembamba unaong'aa. Mwakio alikusudia kuihamishia kwenye kina baada ya kutushusha. Alisahau. Sasa hakuna ambaye angetoka pale mpaka maji yarudi, na baba, aliyewafundisha watu kwa beseni na chungwa, alitazama saa yake akasema itakuwa kama saa kumi na nusu.

Mwakio alirudi jua likiwa limeanza kuinama. Alikuwa amekizunguka kisiwa sijui mara ngapi, miguu yake ina chumvi mpaka magotini. Aliitazama boti, akatikisa kichwa, akakaa chini ya mvinje, si mbali nasi, lakini ametupa mgongo. Alianza kusema akiwa hivyo hivyo. Alisema alipokuja pwani alikuwa ameacha mafunzo ya useremala Voi, bila kumuaga mama yake. Alikitafuta kisiwa miaka mitatu. Alifanya kazi kwenye boti za watu ili tu apite karibu na visiwa. Aliwauliza wavuvi wa huku na wa kaskazini, wakamcheka, wakampa jina la Kisiwa, na wapo wanaomwita hivyo mpaka leo.

"Makombe nimeyaona mahali pengi," akasema. "Ni ile chemchemi iliyonitesa. Maji matamu, juu kwenye mawe, katikati ya kisiwa. Hakuna aliyewahi kuisikia. Uliitoa wapi?"

Baba aliweka leso ya makombe chini.

"Bungule," akasema. "Pale juu, msitu unapoanzia. Mama yangu alikuwa akiteka maji hapo. Na hayo makombe kama bakuli ni vibuyu vyake, alikuwa akivianika juu ya mawe mpaka jua linavifanya vyeupe. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa. Nilichukua mlima wetu, nikauzungushia maji ubaoni."

Mwakio akageuka. Alimtazama baba kwa muda mrefu hata nikaogopa.

"Nilichungia mbuzi pale," akasema. "Maji yale nimeyanywa kila siku mpaka nikamaliza shule."

Alivuta kapu la Riziki, akafungua chakula. Akachukua samaki mmoja, akamtoa miiba mmoja mmoja, bila haraka, akiipanga pembeni juu ya jani, na nyama akaiweka kwenye mfuniko mbele ya baba, kama mtu anavyomwandalia mzee wake. Tulikula. Maji yalianza kurudi, kwanza kwenye mifereji midogo ya mchanga, yakitafuta njia kama yanayopapasa gizani, kisha yakaungana, yakaifikia boti, yakaigusa, yakaiacha, yakaigusa tena. Boti ikainuka. Ilikuwa saa kumi na nusu na dakika chache.

Njiani kurudi Mwakio hakumwita baba Mwalimu. Alimwita mzee, tena mara moja tu, alipomwambia ashike ukingo vizuri. Baba alitapika tena.

Kurudi Voi

Asubuhi iliyofuata ndiyo tuliyopanga kuondoka. Tuktuk ilikuja, nikapakia begi langu, nikarudi kuchukua la baba. Halikuwa barazani. Nilimkuta uani, amesimama mbele ya Mwakio aliyekuwa akisafisha plagi za injini, na suti yake ameikunja chini ya kwapa. Alikuwa amevaa kikoi, nadhani cha ami yake Riziki.

Alikuwa akimwomba akae. Siku chache, alisema, kama haitakuwa mzigo. Anataka kuona maji yanavyofanya kweli, asubuhi na jioni, mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mkubwa.

Mwakio aliendelea na kazi yake. Alifuta plagi moja, akaiweka, akafuta ya pili. Riziki alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akimtazama mumewe. Tuktuk ikapiga honi huko nje.

"Huku huamki unapotaka, Mwalimu," Mwakio akasema hatimaye. "Unaamka maji yanapotaka."

"Nitaamka," akasema baba.

Nikarudi peke yangu. Kwenye feri nilisimama ndani, katikati ya watu. Treni ilifika kwa wakati, na kiti cha mbele yangu hakikuwa na mtu mpaka Voi. Wifi alikasirika kidogo aliposikia, kwa sababu kunde zilikuwa tayari na tembo walikuwa wameonekana upande wa Jora, lakini baadaye akasema mzee aachwe.

Sasa ni wiki ya tatu. Mwanzoni baba alinipigia kila siku, na kila siku alikuwa na jambo la kusahihisha. Kwamba maji hayajai saa zilezile, husogea karibu saa nzima kila siku, na yeye aliwafundisha watoto vibaya. Kwamba kuna maji makubwa na maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo tu, na kitabu kilikuwa na picha moja tu. Kwamba hatapiki tena. Aliniambia Mwakio hukasirika haraka akikosea kufunga kamba, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesifu.

Jana nilimpigia mimi. Nilikuwa na habari nyingi za nyumbani, za kunde, za mbuzi aliyezaa mapacha, za tembo. Alisikiliza ya mbuzi. Halafu akaniomba radhi, akasema nimpigie kesho au kesho kutwa, hawezi kukaa kwenye simu, maji yameanza kutoka na Mwakio ameshawasha injini.